Halali Haitoshi: Nyumba ya Mkopo na Kazi Isiyo na Hakika

Ndugu Waislamu, kila baada ya darsa huulizwa swali lile lile: "Ustadhi, benki hii ni ya Kiislamu, je, nyumba yake ni halali?" Muulizaji akishajibiwa kuwa murabaha ni biashara wala si riba, huondoka akitabasamu kama aliyedhaminiwa riziki yake. Hapo ndipo penye kosa, na sisi walimu tumeshiriki.

Tangu kufunguliwa Gulf African Bank nchini Kenya mwaka 2008 na Amana Bank nchini Tanzania mwaka 2011, mlango wa kuikimbia riba upo, alhamdulillahi. Lakini murabaha nayo ni deni. Benki hununua nyumba, ikakuuzia kwa bei ya juu iliyokwisha kutajwa, nawe ukalipa kwa miaka. Ukichelewa bei haipandi, ni kweli. Ila rehani yaweza kuuzwa, na wanao wakatolewa nje.

Sasa mtazame mfanyakazi wa hoteli aliyekwisha kuambiwa kwamba zamu zake sita za wiki huenda zikawa tatu. Anakopa kwa hesabu ya zamu sita! Je, hakuuona mwaka 2020, hoteli za mwambao zilipofungwa kwa sababu ya korona, na wengi wakarudi makwao bila ujira? Atasema ni tawakkul. La hasha! Mtume (s.a.w.) alifundisha ngamia afungwe kwanza. Naye mwenyewe akijikinga kwa Allah (s.w.) na deni ndani ya swala, akaeleza kuwa mwenye deni husema akadanganya, huahidi akavunja. Basi vipi mtu aahidi miaka 15 kwa ujira asio na hakika nao miezi mitatu?

Afanye hesabu kwa zamu tatu. Baada ya chakula, ada na dawa, ikibaki rejesho, atie saini. Isipobaki, apange, au anunue kiwanja kidogo ajenge chumba kimoja kimoja kama walivyojenga wazee wetu. Kupanga si aibu.

Nanyi masheikh wa bodi za sharia, tunawauliza: Suratul Baqara, aya ya 280, imeamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula mpaka afarijike. Katika mikataba mnayoipitisha, sharti hilo limeandikwa ukurasa gani?