Meno Yetu, Tasnifu Yao

Hapa Ngaramtoni msomi hatafutwi kwa tochi. Tuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, tuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na ukivuka mji wa Arusha hadi Tengeru utakikuta Chuo cha Nelson Mandela, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011, nao wote ni wa shahada za juu. Vijana wa uzamili na uzamivu wamejaa mlimani kama mbegu katika papai. Wanapima udongo, wanahesabu maharage, wanachota maji. Ninalouliza ni moja: wakishachota, sisi tunaambiwa nini?

Chukua habari ya floraidi. Mlima Meru ni volkano, na miamba yake hutia floraidi katika chemchemi na visima vyetu vingi. Ikizidi, mtoto ambaye meno yake bado yanajijenga ndani ya ufizi huota meno ya kahawia. Ikizidi sana, tena kwa miaka mingi, mifupa hupinda. Kijana wa huku akifika Dar es Salaam hutambuliwa akicheka, ndiyo maana wengine hucheka wameziba mdomo kwa kiganja. Jambo hili limeandikiwa tasnifu za kutosha. Nami nimewauliza akina mama sokoni siku ya Alhamisi: je, kuchemsha maji kunaondoa floraidi? Jibu nililopewa ni kwamba maji yakichemka ni salama. Kumbe kuchemsha huua vijidudu tu. Floraidi hubaki palepale, na maji yakipungua sufuriani yenyewe huzidi kukolea. Wanaojua hayo wapo. Wameyaandika kwa Kiingereza, wameyapeleka katika majarida ya ng'ambo, wamevishwa joho.

Na magadi je, tunayotia katika makande yaive upesi? Utafiti umeonyesha kwamba magadi mengine yana floraidi nyingi. Anayeuza hajui, anayenunua hajui. Huenda amefungiwa katika kipande cha gazeti la juzi, lenye kurasa mbili nzima za mpira wa Uingereza.

Nasema mwanafunzi wa shahada ya juu aandike gazetini, kwa Kiswahili, naye aandike maoni. Sisemi taarifa, taarifa tunazo tele, mgeni rasmi alifungua warsha, akawaasa washiriki. Nasema maoni: nimepima, nimeona, na kwa hiyo nadai hili. Mwaka 1974 nchi ilijiwekea kiwango cha muda cha miligramu 8 za floraidi kwa lita katika maji ya vijijini. Baadaye kikashushwa hadi 4, ilhali Shirika la Afya Duniani lilikwisha kushauri 1.5 tangu miaka ya 1980. Leo viwango vyetu navyo vinasema 1.5. Kati ya ile 8 na hii 1.5 kuna meno ya kizazi kizima. Hoja ya namna hiyo ilistahili kugombewa hadharani, na wa kuianzisha ni yule aliyeshika kipimo mkononi.

Najua nitakavyojibiwa. Eti Kiswahili hakina maneno ya sayansi! Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafundisha watu wazima wapatao milioni 2, kwa redio na vijitabu, habari za malaria, kichocho na kuhara damu, kwa Kiswahili hikihiki, na vyoo vikachimbwa. Eti gazeti litapotosha. Litapotosha, naam, maadamu ajuaye amenyamaza na kumwachia asiyejua.

Jibu la tatu ndilo zito. Mwanafunzi ni mnyonge: msimamizi ana kalamu ya mwisho, kibali cha utafiti hutoka COSTECH, na diwani atakasirika akisoma habari za kisima alichokizindua mwenyewe. Nakubali. Ila mnyonge huyuhuyu hakuona tabu kumwambia mtoto wa watu, "Fungua mdomo," akahesabu meno.

Tena wamewahi kuwapo waliothubutu. Mwaka 1969 wanafunzi wa Dar es Salaam walianzisha jarida la Cheche. Issa Shivji akachapisha humo uchambuzi wake mwaka 1970, na mwaka huohuo jarida likapigwa marufuku. Ujasiri ule nausifu. Lakini jina lilikuwa la Kiswahili na makala za Kiingereza, na mkulima waliyemtetea hakuweza kuwasoma.

Basi vyuo viweke sharti: hakuna joho bila makala moja ya Kiswahili gazetini, na nakala yake ibandikwe katika ofisi ya kijiji maji yalikochotwa. Kichwa cha makala ya kwanza nawapa mimi, bure: Kuchemsha Hakutoi Floraidi.