Aliyepitisha Uongo Amesema Uongo



Katika vikundi vyetu vya WhatsApp maneno matatu yamekuwa maji ya Pilato: «Nimetuma kama nilivyopokea.» Mtu anaeneza habari kwamba mama fulani ni mchawi, kwamba mtunza fedha wa parokia amekula sadaka, kwamba watu wa kabila fulani wanaficha silaha, kisha chini yake anaandika maneno hayo, akidhani mikono yake imetakata. Haikutakata. Aliyepitisha uongo amesema uongo, naye atapaswa kuutolea hesabu.

Tuanze na sheria ya nchi, maana wengi wenu hamjaisoma. Tarehe 13 Machi 2023 ilitiwa sahihi amri-sheria namba 23/010, ile ambayo kwa Kifaransa huitwa Code du numérique. Kifungu chake cha 360 kinamwadhibu anayeanzisha habari ya uongo juu ya mtu kwa njia ya mitandao ya kijamii, na vilevile anayeipitisha. Adhabu ni kifungo cha mwezi 1 hadi miezi 6, pamoja na faini ya franka za Kongo 500.000 hadi 1.000.000, au mojawapo ya hizo. Aliyetunga na aliyetuma wamewekwa pamoja mbele ya hakimu. Udhuru wa «nilivyopokea» haumo humo.

Nasikia pingamizi lenu: «Mwalimu, sheria hiyo imewapata hata waandishi wa habari.» Ni kweli, wala sitaki kulificha. Stanis Bujakera, mwandishi anayejulikana nchini kote, alikamatwa Kinshasa mwezi wa Septemba 2023 kwa ajili ya makala ambayo hata jina lake halikuwamo, na katika mashtaka yake Kanuni hiyo ilitajwa. Mwezi wa Machi 2024 alihukumiwa miezi 6, akatoka kwa kuwa alikuwa amekwisha kukaa gerezani zaidi ya muda huo. Kifungu chenye maneno mapana namna hiyo ni wavu unaoweza kumnasa msema kweli pamoja na mwongo. Ni haki yetu kama raia kudai kirekebishwe, na tukidai tutakuwa tumefanya vema.

Lakini ubaya wa sheria haumtakasi mwongo. Tena, uvumi wetu ndio unaowapa wakubwa kisingizio. Kumbukeni mwisho wa mwaka 2018: siku moja baada ya uchaguzi, intaneti na ujumbe mfupi wa simu vilikatwa nchini, na giza hilo likadumu karibu siku 20. Mshauri wa Rais wa wakati ule alieleza sababu: matokeo ya kubuni yalikuwa yanaenea katika mitandao. Mwaka mmoja kabla ya hapo, walei Wakatoliki walipojitayarisha kwa maandamano ya tarehe 31 Desemba 2017, mitandao ilikatwa vilevile. Sisi ambao tumewahi kuzibwa mdomo, je, ni sisi tutakaochafua njia ileile tunayoidai iachwe wazi? Anayetaka uhuru wa kusema na aonyeshe kwamba anajua kuutumia.

Wengine hujitetea kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Hiyo ni hekima ya kumfanya mtu akae macho. Haikutolewa iwe hati ya kumhukumu jirani. Kule Kivu ya Kaskazini na Ituri, katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa mwezi wa Agosti 2018, lilisemwa sana kwamba ugonjwa haupo, kwamba ni biashara ya wakubwa. Lilisemwa, na halikuwapo. Watu 2.287 walikufa kabla mlipuko haujatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo tarehe 19 Aprili 2019, akiwa kazini. Sisemi kwamba ujumbe wa simu ndio uliofyatua bunduki. Nasema kwamba mahali ambapo wengi wamekwisha kusadikishwa kuwa mganga ni adui, mwenye bunduki hupata kazi nyepesi. Nani aliwasadikisha? Ni watu wengi wadogo, kila mmoja akipitisha kidogo.

Mbele ya Mungu jambo ni wazi kuliko mahakamani. Amri ya nane haimtafuti mtunzi wa uongo peke yake. Inamtafuta kila aliyeutolea ushuhuda. Na Kanisa linafundisha kwamba aliyemvunjia mtu jina anadaiwa fidia, hata akiwa amekwisha kusamehewa, kama vile mwizi anavyopaswa kurudisha mali. Basi kufuta ujumbe kimyakimya hakutoshi, maana waliousoma wameondoka nao.

Kwa hiyo naomba kila kikundi cha vijana kikubaliane, katika mkutano wake ujao, juu ya mambo matatu. Kwanza, habari isiyo na mwenyewe, isiyo na mahali wala tarehe, isitumwe. Mkiona mishale miwili juu ya ujumbe, jueni kwamba umekwisha kupita kwa wengi, na huenda aliyewatumia hajui ulikotoka. Pili, habari inayomtaja mtu kwa ubaya ipelekwe kwanza kwa mtu huyo au kwa wahusika, kabla haijapelekwa kwa watu mia mbili. Tatu, aliyepitisha uongo ausahihishe mahali palepale alipoutuma, kwa jina lake, mbele ya wale wale waliousoma.

Hilo la tatu litawaumiza zaidi. Anzeni nalo.