Elimu ni Kisu

Elimu ni kisu, wasomaji wangu; tazameni nani ameshika mpini. Chuo cha ufundi cha Delft, Uholanzi, kiliasisiwa mwaka 1842 na Mfalme Willem wa Pili kuwafunza wahandisi. Lakini humo humo, hadi 1864, walifunzwa pia maofisa wa kwenda kuwatawala ndugu zetu Waislamu wa Java. Hilo nalilaumu. Humo tena alihitimu Cornelis Lely, mwaka 1875. Mpango wake ndio ulioiziba ghuba ya Zuiderzee kwa ukuta wa kilomita 32, uliokamilika 1932, kuwakinga watu na mafuriko. Hilo nalisifu. Basi kijana wetu aendaye kusoma ng'ambo asiulize ada tu. Ajiulize: nikirudi, nitamtumikia nani?