Acha Mchezo, Kasome

Jioni moja barazani, mjomba wangu alikuwa na kete mkononi, bado yuko kwenye namua, alipomwona mjukuu wake kainamia simu. "We! Acha mchezo, kasome!" Kisha akarudi kwenye bao lake: mashimo 32, kete 64, akipiga kichwani hesabu ya shimo zitakapoishia kete zake na jibu atakalopewa na mwenzake. Hesabu ile ukimwandikia mtoto ubaoni ataomba ruhusa ya kwenda chooni. Mjomba hakuona kioja chochote.

Wala simlaumu peke yake. Neno lenyewe tumeligeuza tusi. "Usilete mchezo." "Hapa si mchezo." Anayefuja mshahara tunasema anafanya mchezo na maisha. Gemu ya kompyuta ilipofika ikakuta hukumu imeshaandikwa: inapumbaza, na mtoto anayejifunza kweli sharti awe amekunja uso.

Twende Tanga. Kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa miezi 15, watoto karibu 3,000 wa vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huo walijifunza kusoma Kiswahili na kuhesabu kwa michezo ya kwenye vishikwambi, katika shindano la Global Learning XPRIZE. Chaji ilitoka kwenye umeme wa jua. Mwalimu hakuwepo. Robo tatu hivi ya watoto hao walikuwa hawajawahi kukanyaga shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Jaribio lilipokwisha, idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Nusu nyingine walibaki palepale, naam, na simwuzii mtu ndoto kwamba kishikwambi kitakalia kiti cha mwalimu. Ila waliojua kusoma, walijua wakicheza.

Nionavyo mimi, siri iko kwenye kukosea. Darasani ukikosa, wenzako sitini wanaangua kicheko na pengine fimbo inakusubiri, kwa hiyo mtoto anagundua mapema kwamba salama yake ni kunyamaza. Mchezoni anakosa mara kumi na moja, anajaribu ya kumi na mbili, na hakuna aliyemhesabia.

Mmoja wa washindi wawili waliogawana dola milioni 10 za shindano lile, Kitkit School, ana asili inayonigusa zaidi ya zawadi yenyewe. Mmoja wa waanzilishi wake, Sooinn Lee, Mkorea Kusini aliyekuwa akibuni michezo ya kompyuta, aligeukia programu za kujifunzia baada ya kujifungua mtoto mwenye ulemavu. Kilichoanza kwa ajili ya mtoto ambaye wengi wangemwona hafundishiki ndicho kilichokuja kumfundisha mtoto wa Tanga asiye na shule. Sisi mtoto wa namna hiyo tunamtafutia dawa, tunamtafutia maombi, na mchezo tunauona anasa. Mwulize yeyote anayefanyisha watoto mazoezi ya viungo: mwambie mtoto ainue mkono mara hamsini, atalia kwenye ya sita. Mpe kitu cha kupiga kwenye skrini, atainua mpaka wewe uchoke.

Hospitalini nako ni hivyohivyo. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya Re-Mission, mchezo ambamo kijana anapigana na seli za saratani ndani ya mwili. Ulijaribiwa kwa wagonjwa 375 katika vituo 34 vya Marekani, Kanada na Australia, na waliocheza walifuata dawa zao vizuri zaidi kuliko wenzao. Mchezo haukuponya saratani. Ulimfanya kijana ameze kidonge alichokuwa akikisahau, jambo ambalo mama yake alikuwa amelipigia kelele miezi mingi.

Najua mtakakonipeleka: na dubwi je, lile linalokula sarafu za watoto pembeni mwa duka? Lichomeni, nitaleta kiberiti. Lakini kuikataa gemu ya kusomea kwa sababu ya dubwi ni kubomoa jiko lako kwa kuwa jirani anapika gongo. Hasira yangu nyingine naiweka kwa wauzaji wa "gemu za elimu" ambazo ni mtihani uleule uliopakwa rangi, na katuni ya sungura ikikuzomea ukikosa. Hizo mtoto anazikimbia, na ana haki.

Lakini wapo wanaomfikiria mtoto kwanza. Mwaka 2018 Microsoft ilitoa kidhibiti cha michezo chenye vitufe viwili vikubwa kama sahani na matundu ya kuchomeka swichi za kubonyeza kwa kiwiko, kwa mguu, hata kwa kichwa. Bei yake ilipotoka, dola 100 hivi, kwetu ilikuwa kilio. Fikra yake haina bei: mtoto asiyeweza kukunja vidole anaweza kumfunga kaka yake mpira, kisha akamtambia mpaka usiku.

Mjomba, kwa taarifa yenu, alifungwa jioni ile. Akazipanga kete upya, akaanza tena, na hakuna aliyemwambia akasome.