Kibodi Iliyokataa Kuandika "Mama"

Mwezi huu tuziache kidogo habari za chanjo na mafua. Nataka kuwaeleza habari ya kibodi moja, na jinsi ilivyonifanya nimwombe radhi mwanangu.

Mwanangu ana miaka 13. Fedha zake za Idi, pamoja na alizolipwa kwa kuosha magari ya majirani, alinunulia kibodi ya kujiundia mwenyewe. Huja vipandevipande: bodi, swichi 61, dayodi 61 na bodi nyingine ndogo inayozungumza na kompyuta. Kila swichi ina miguu miwili, na kila dayodi miwili. Hizo peke yake ni sehemu 244 za kulehemu kwa mkono, kwa ile waya laini ambayo mafundi redio wa kwetu huiita risasi. Alimaliza kwa jioni nne. Jioni moja nami nilikaa naye nikalehemu dayodi kadhaa, nikijidai namfundisha jinsi ya kutuliza mkono.

Siku ya kuijaribu alianza kumwandikia bibi yake aliye Tanga. "Shikamoo" ikatoka "shikoo". Akaandika "mama", kioo kikabaki kitupu. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nina usingizi na hasira. Nikamwambia, "Si nilikwambia una haraka? Pesa umezitupa." Hakunijibu. Aliirudisha kibodi kwenye boksi, akaingia chumbani kwake.

Nilipoamka alasiri, maneno yangu yalikuwa bado yananiuma. Wodini hatuanzi na lawama. Tunauliza, tunatazama, tunapima. Nikamgongea mlango: "Njoo tumpime mgonjwa wako."

Kwanza tulibadilisha waya, kisha tukajaribu kompyuta nyingine. Ugonjwa ulikuwa uleule. Halafu tukachukua karatasi, tukabonyeza kitufe kimoja kimoja na kuandika visivyoitika: 1, Q, A, Z, P na M. L ilikuwa inaitika ukiikandamiza sana tu.

Orodha hiyo ilitueleza mengi. Kibodi ya vitufe 61 haina nyaya 61. Vitufe vimepangwa kwa mistari 5 ya kulala na 14 ya kusimama, na bodi ndogo hutambua kitufe kwa pale mistari miwili inapokutana. Sasa 1, Q, A na Z ziko kwenye mstari mmoja wa kusimama. Vinne vikifa pamoja, usihangaike na swichi nne. Tafuta kinachovishirikisha. Tulichomoa waya wa kompyuta, tukaweka mita kwenye alama ya mlio, ncha moja kwenye mguu wa bodi ndogo wa mstari ule na nyingine kwenye mguu wa swichi ya A. Kimya. Tukatazama kwa lenzi: risasi ilikuwa imeganda juu ya mguu kama tone la nta, haikushika bodi chini. Mwanangu akaipasha moto upya, akaongeza risasi kidogo. Mita ikalia. Vitufe vinne vikafufuka kwa mpigo.

L nayo ilikuwa na ugonjwa wa namna hiyo, ila kwenye mguu wake mwenyewe: risasi imefifia na ina ufa. Hapa ndipo wengi hukosea. Usiyeyushe risasi kwenye chuma halafu ukaipaka. Chuma kiguse mguu na bodi kwa pamoja, kisha risasi uiguse pale palipopata moto. Sisi tulitumia nyuzi 350, kwa sekunde mbili au tatu. Ukikawia sana, kile kiduara cha shaba hubanduka kwenye bodi, na hapo umejiongezea kazi.

Kitufe kilichokufa peke yake kina kipimo chake. Unganisha kibodi kwenye kompyuta, kisha unganisha miguu miwili ya swichi kwa kibano cha chuma. Umeme wake ni volti 5, haudhuru mtu. Herufi ikitokea, ubovu uko kwenye swichi. Isipotokea, tazama dayodi na njia yake. P ilitokea. Tulipoing'oa swichi tukakuta mguu mmoja umejikunja chini yake tangu siku ya kwanza, haukuwahi kupita tunduni. Tukaunyoosha kwa koleo.

Ikabaki M. Kibano hakikutoa kitu. Dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu, kama vali ya moyo inavyopitisha damu, na ina mstari mweusi wa kuonyesha upande. Dayodi zote za safu ile zilikuwa zimeelekeza mstari chini. Ya M ilielekeza juu.

"Hii aliiweka nani?" nikauliza.

Alisita kidogo. "Wewe, mama."

Alisema kweli. Ilikuwa ya jioni ile ya kumfundisha. Nikaweka mita chini. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nilikukaripia kabla sijatazama, na kosa jingine ni langu mwenyewe." Mimi nililelewa nyumbani ambako mzazi haombi radhi kwa mtoto, na maneno yale hayakutoka kwa wepesi. Yeye alitabasamu tu, akanipa chuma: "Basi igeuze mwenyewe."

Nikaigeuza, naye akinisimamia kama mkaguzi.

Mkitaka kujaribu nyumbani, chomoeni waya wa kompyuta kabla ya kushika chuma au kupima kwa mlio. Fungueni dirisha, maana ule moshi si wa kuvuta. Na kama risasi yenu ni ya aina yenye madini ya risasi kweli, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Usiku ule bibi aliipata salamu yake ikiwa nzima, na mstari mmoja chini yake: "Mama alikosea dayodi moja, lakini ameirekebisha." Bibi alipiga simu papo hapo kuuliza dayodi ni mdudu gani. Nilimwachia mjukuu wake amweleze. Alimweleza kwa Kiswahili, karibu nusu saa.

Tukutane mwezi ujao, inshallah.