MAHINDI MABOVU SI FUNGU LA MASKINI



Katika Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 14, imo sheria ambayo wengi wetu huisoma kwa haraka na kuipita. Inahusu nyumba iliyoingiwa na kuvu. Mwenye nyumba akiona madoa ya kijani au mekundu ukutani, humwendea kuhani. Kuhani huagiza vyombo vyote vitolewe, huingia na kutazama, huifunga nyumba kwa siku saba, kisha hurudi kutazama tena. Madoa yakiwa yameenea, mawe yaliyoharibika hung'olewa na kutupwa nje ya mji, kuta hukwanguliwa, na mawe mengine huwekwa mahali pake. Kuvu ikirudi tena, nyumba nzima hubomolewa.

Tunaikumbuka sheria hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, kuvu katika nyumba ya mtu mmoja haikuachwa iwe shida yake peke yake. Ilikuwa na mtu aliyepaswa kuja, kuitazama na kutoa uamuzi. Pili, kilichooza kilitupwa nje ya mji. Hakikuhamishiwa katika nyumba ya jirani maskini.

Kwetu Ugogo na Urangi, kuvu inayoua haikai ukutani. Inakaa katika gunia, katika kilindo, katika debe la unga jikoni. Na tofauti na sheria ile ya kale, kwetu mama hubaki nayo peke yake.

1. Yaliyotupata mwaka 2016

Katikati ya mwaka 2016, katika wilaya za Chemba na Kondoa mkoani Dodoma, na Kiteto mkoani Manyara, watu walianza kuumwa tumbo, kutapika na kuharisha. Macho yaligeuka manjano, miguu ilivimba, matumbo yalijaa maji. Mwanzoni uliitwa ugonjwa usiojulikana. Na sote tunajua kwamba mahali pasipo na jibu, minong'ono hukimbilia ushirikina. Vipimo vilipofanyika, jibu lilipatikana ndani ya chakula chenyewe: mahindi yenye sumukuvu. Watu 68 waliugua. 20 kati yao walifariki dunia.

Je, tulikosa kuonywa? La. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo hiyo na 125 wakafa. Majirani zetu walikwisha lia miaka 12 kabla yetu. Na sumu yenyewe ilijulikana tangu miaka ya 1960, baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Wanasayansi waliamka kwa ajili ya ndege wale. Hatuwalaumu. Tunauliza tu: watu 20 wa nchi kame ya Tanzania ya kati wamemwamsha nani, na kwa muda gani?

2. Macho yanaona kuvu, hayaoni sumu

Kuvu inayotoa sumu hii, Aspergillus flavus, huishi udongoni. Hushambulia mahindi na karanga zikiwa bado shambani, hasa ukame unapozidisha ukali wakati punje zinajaa au wadudu wanapozitoboa. Kisha huzidi mazao yanapoanikwa juu ya ardhi tupu na kuhifadhiwa kabla ya kukauka. Ukiona punje zenye ukungu wa kijani au manjano, zilizosinyaa, zilizotobolewa au kugeuka rangi, ziondoe. Usiwape kuku wala ng'ombe, kwa maana sumu hupita katika maziwa. Hupita hata katika maziwa ya mama.

Lakini hatuna budi kusema ukweli wote. Punje yaweza kuonekana safi na bado ikawa na sumu. Sumu haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauimalizi: ugali uliosongwa vizuri huibakiza. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na viwango vya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 katika kilo moja ya mahindi. Ni sawa na gramu moja tu ya sumu iliyogawanywa katika magunia 1,000 ya kilo 100. Nani ana macho ya kuona kitu hicho? Ni maabara peke yake. Anayeila nyingi kwa mara moja huweza kufa upesi. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka hujiweka katika hatari ya saratani ya ini. Wataalamu wanaihusisha pia na udumavu wa watoto, ambao wengi wao huanzishiwa uji wa unga wa mahindi na karanga, mazao yale yale mawili yanayopendwa na kuvu.

Kinga yenyewe inajulikana. Anika juu ya turubai au kichanja. Kausha mahindi mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo atie punje chache pamoja na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, aifunge, aitikise, na kuiacha kama dakika 15: chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado ni mabichi. Chambua. Hifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa au vihenge vya chuma, mbali na sakafu na ukuta. Koboa kabla ya kusaga, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hutoka pamoja na pumba.

3. "Tupeni!"

Wako wanaosema kwamba tatizo hili ni ujinga na uvivu wa wanakijiji: waliambiwa waanike vizuri hawakuanika, waliambiwa watupe hawakutupa. Tunawaomba ndugu hao waketi nasi mwezi wa Februari katika nyumba ya mama wa Chemba. Mvua ya msimu wetu mmoja imenyesha, shamba limemea, lakini mavuno yako mbali. Ndani limebaki debe moja na nusu. Anachambua, anaona ukungu. Mtaalamu amekwisha pita na semina yake: "Tupeni!" Akishatupa, jioni hiyo watoto wale nini?

Neno "tupeni" ni jepesi kinywani mwa aliyeshiba. Anayemwamuru mwenye njaa atupe chakula chake bila kumpa kingine hajamwokoa. Amemwachia achague kati ya vifo viwili, kisha atamlaumu kwa alichochagua.

Na tuangalie vizuri nani anakula nini. Mwenye nafasi anakula sembe iliyokobolewa. Maskini anakula dona. Kwa kawaida dona ni chakula chenye lishe kuliko sembe, nasi hatuidharau. Lakini katika mahindi yenye kuvu, dona hubeba pumba pamoja na sumu yake. Kukoboa kuna gharama mashineni na kunapunguza uzito wa unga. Kwa hiyo, yule yule ambaye hakuweza kununua turubai ndiye asiyeweza kukoboa, na ndiye asiyeweza kutupa. Je, huu ni ujinga? Sisi tunauita udhalimu uliokaa kimya.

4. Soko na mizani yake

Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwashutumu wafanyabiashara waliopunguza kipimo, waliofanya mizani ya uongo, na waliowauzia maskini takataka za ngano. Ametutangulia kwa karne nyingi, lakini anaifahamu lumbesa. Mkulima wetu anajaziwa gunia mpaka linaota kichwa, naye analipwa bei ya gunia moja. Anauza haraka mwezi wa Mei au Juni, mahindi hayajakauka, kwa sababu ada na madeni havingoji. Na mnunuzi hamwongezei hata shilingi kwa sababu ya kukausha. Tena mahindi mabichi ni mazito. Soko lisilolipia ukavu linafundisha uovu kila siku, kwa bidii kuliko semina zote.

Kisha mzigo unachambuliwa. Tumeona kwa macho yetu mazuri yakipakiwa kwenye lori na mabovu yakibaki. Yanakwenda wapi? Yanakwenda kwa wapika pombe, yanakwenda kwenye chakula cha kuku, yanapimwa kwa bei nafuu kwa mjane aliyekuja na kidebe chake. Huyo anayeuza anajua anachouza.

Mwaka 2021, mwezi wa Machi, Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Viongozi walisimama, simu zilipigwa, na katika siku chache tu zuio likaondolewa kwa masharti. Tunafurahi kwamba biashara ilinusurika. Lakini mahindi yaliyokataliwa mpakani hayawezi kuwa safi yanaporudi sokoni kwetu. Afya ya Mgogo haina thamani ndogo kuliko ya mteja wa ng'ambo ya Namanga.

5. Nasi tujipime

Hatuwezi kuelekeza kidole nje peke yake. Kila mwaka waamini huleta mavuno altareni. Tumewahi kupokea magunia bila kuyafungua, tukayaweka juu ya sakafu ya ghala lenye paa linalovuja, na miezi baadaye tukawagawia wenye njaa tukijiona watenda mema. Tunaungama kosa hilo. Sadaka iliyooza ikimfikia maskini haigeuki kuwa upendo kwa sababu imepitia mikononi mwa padre. Na shule zetu zinazopika makande ya watoto kwa mahindi ya michango ya wazazi, nani ameyapima?

6. Tunadai nini

Kwanza, mahindi yanayobainika kuwa na sumu katika kaya maskini yabadilishwe kilo kwa kilo kutoka hifadhi ya chakula ya taifa, na yale mabovu yateketezwe mbele ya mashahidi. Hapo ndipo neno "tupeni" litakapokuwa neno la haki.

Pili, upimaji ushuke mpaka kwenye magulio na mashine za kusaga. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango. Basi shirika hilo lionekane Chemba kama linavyoonekana bandarini. Kupitia mradi wa TANIPAC, Serikali imejenga kituo cha kushughulikia mazao baada ya mavuno huko Mtanana, wilayani Kongwa. Tunapongeza, na tunataka mkulima mdogo apate mlango wa kuingilia.

Tatu, turubai na mifuko isiyopitisha hewa vipatikane kwa mkopo wa vikundi kabla ya mavuno, si baada ya msiba.

Nne, lumbesa ikomeshwe kwa vitendo, na mahindi makavu yalipiwe zaidi ya mabichi.

Tano, kila parokia ifungue ghala lake, ichambue, ikaushe, na isigawe kwa maskini chakula ambacho paroko mwenyewe asingekila mezani pake.

Kuhani wa zamani aliitwa nyumbani, akaja, akatazama. Watu 20 wamekwisha kuita. Atakayesema hakusikia, na ajue kwamba mavuno mengine yanakuja mwezi wa Mei.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika Jumuiya yetu, ni kaya ngapi zinaanika mahindi juu ya ardhi tupu? Tunaweza kununua turubai ngapi kwa pamoja mwaka huu?
2. Mahindi mabovu ya soko letu huishia wapi? Nani atakwenda kuuliza, na lini?
3. Jirani akilazimika kutupa debe lake la mwisho, sisi tutampa nini jioni hiyo?