Kulinganisha si kuweka vitabu viwili bega kwa bega

Wazazi wa Fizi na Baraka hutuletea mara kwa mara karatasi za watoto wao wa sekondari na kutuuliza: «Kijana ameandika kurasa nne nzima, mbona mwalimu amempa alama nne juu ya kumi?» Tukisoma, sababu yaonekana upesi. Kijana aliambiwa alinganishe vitabu viwili. Akasimulia cha kwanza toka mwanzo hata mwisho, akaruka mstari, akasimulia cha pili, kisha akafunga: «Vitabu hivi vinafanana kidogo na vinatofautiana kidogo.» Je, huko ni kulinganisha? Muuza ndagala wa Baraka akiweka mafungu mawili mbele yako, hajalinganisha kitu. Anayelinganisha ni mama mnunuzi. Yeye huinua, hunusa, hugeuza, kisha hutoa neno: nachukua hili, naacha lile, kwa sababu hii.

Watu humlaumu kijana. Sisi twawalaumu kwanza waalimu wanaochora mstari katikati ya ubao, upande huu «mafanano», upande ule «tofauti», wakawaamuru watoto wanakili. Mtoto ajaze safu mbili bila kufikiri hata mara moja! Orodha ya namna hii ni kuni tu. Moto bado.

Tutwae mfano wa kweli. Corneille, Mfaransa, alitoa mchezo wake Le Cid mwaka 1637. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wa Fumo Liyongo, habari ya shujaa ambayo watu wa pwani walikuwa wakiisimulia tangu zamani. Kijana wa ubao wa safu mbili ataandika: «Wote wawili ni mashujaa. Mmoja ni Mzungu, mwingine ni Mwafrika.» Atakuwa amesema nini? Hakuna.

Lakini atazame vizuri, ataona kwamba katika vitabu vyote viwili kuna mtoto wa kiume, kuna baba, na kati yao kuna ndoa. Rodrigue ampenda Chimène. Baba ya Chimène ampiga kofi baba ya Rodrigue, mzee asiyeweza tena kushika upanga, na mzee amtaka mwanawe alipe kisasi. Rodrigue amwua baba ya mchumba wake. Huko Pate, mfalme amwogopa Liyongo. Amwahidi mtoto wa Liyongo kumwoza binti yake, mradi apeleleze siri ya kifo cha baba yake. Kijana akubali, aambiwa siri, naye amchoma baba kitovuni kwa sindano ya shaba. Mmoja amehatarisha ndoa kwa ajili ya heshima ya baba. Mwingine amemtoa baba kwa ajili ya ndoa. Sasa insha imeanza, maana tumepata swali: heshima ya kijana yatoka wapi, katika damu ya nyumba yake au katika neno la mfalme?

Swali hilo liandikwe katika aya ya kwanza, na jibu la kijana pamoja nalo, bila kumfichia msomaji. Kisha kila aya ivishike vitabu vyote viwili pamoja. Ukimweka Corneille peke yake kurasa mbili na Kijumwa peke yake kurasa mbili, umerudi sokoni na mafungu yako.

Tena, mtu asisahau namna ya utungo. Le Cid ni mchezo wa jukwaani: Rodrigue asimama peke yake na kusema mbele yetu vita vya moyo wake. Aona kwamba asipolipa kisasi atampoteza Chimène vile vile, kwa kuwa hatastahili tena kupendwa naye. Katika utenzi, ni msimulizi ashikaye neno, beti kwa beti, mishororo minne minne yenye mizani minane. Mtoto wa Liyongo twamjua zaidi kwa mwendo wake wa kunyemelea. Basi yule wa kwanza tunamhurumia kwa urahisi, kwa sababu tumesikia shaka yake. Jambo hilo halimo katika muhtasari unaovutwa kwenye simu. Lazima kusoma.

Kufanana kwa juu juu kwadanganya pia. Shekarisi Candi Rureke alisimulia hadithi ya Mwindo kwa Kinyanga mwaka 1956, nayo ilichapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Ndani yake mtoto mchanga afungiwa katika ngoma na kutupwa mtoni. «Ni kama Musa!» vijana hulia kwa furaha. Polepole. Musa aliwekwa mtoni na mama aliyetaka aishi. Mwindo alitupwa na baba aliyetaka afe, kwa sababu alikataza kuzaliwa kwa watoto wa kiume. Maji ni mamoja, mikono ni mbalimbali. Mwenye kuandika mpaka hapo ameandika insha. Mwenye kuishia kwenye maji amepotea.

Sisi makatekista kazi hii si ngeni kwetu. Matayo anahesabu ukoo wa Bwana toka Abrahamu, Luka anaupandisha hata Adamu. Mmoja ana mamajusi, mwingine wachungaji. Hatuulizi nani ameshinda. Twauliza kila mmoja alitaka tuone nini. Kwa hiyo hatuwakubali wanaotaka insha iseme kwamba Corneille yuko juu kwa kuwa ni Mfaransa, wala wale wanaopiga kelele kwamba mababu yetu wamemshinda. Hayo ni maneno ya uwanja wa mpira.

Twajibiwa: «Hapa Fizi vitabu hatuna.» Ni kweli, na vita tangu mwaka 1996 vimeharibu mengi. Lakini tunao vijana waliokulia Nyarugusu na Lugufu, huko Kigoma, wakarudi na Kiswahili ambacho utenzi hauwatishi sana. Tunao wazee wenye hadithi za Babembe. Hadithi moja ya mzee, ikiandikwa vizuri kama alivyoisema, yatosha kuwekwa mbele ya kurasa kumi za Kifaransa.

Wengine husema mtihani wa Serikali hauulizi Liyongo. Na iwe hivyo. Disertasioni yauliza kitu kile kile: swali, jibu, sababu, mfano uliosomwa kwa macho yako mwenyewe. Mwalimu na aanze Jumatatu: Rodrigue akikutana na mtoto wa Liyongo njiani, nani atamdharau mwenzake, na kwa nini? Awape kurasa mbili tu, si nne.